Shilingi ya Kuingia, Pauni ya Kutoka

Wakenya tunasema "bob" kila siku bila kujiuliza neno limetoka wapi. "Nikopeshe mia mbili bob." Lilikuwa jina la mtaani la shilingi ya Uingereza, ile iliyokuwa na peni 12, na 20 zake zikafanya pauni moja. Wenyewe waliiacha Februari 1971 walipobadili hesabu za pesa zao. Sisi tumebaki na jina lake.

Nimekuwa nikiiwaza shilingi hiyo tangu binamu yangu alipokuja kwetu Mwabungo jioni moja na bahasha mkononi. "Msomi wetu, hebu nisomee hii." Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kijijini bado mimi ni msomi. Ulikuwa mkataba wa kazi ya ulinzi Urusi: kurasa mbili za Kiingereza, moja ya Kirusi. Kulikuwa na pesa ya kuingia tu, kabla ya mshahara, nyingi kuliko anazoshika msimu mzima wa watalii Diani. Nikamtafsiria, nikamjazia fomu. Akanipa mia tano. Nikachukua.

Zamani Uingereza, kijana aliyepokea shilingi moja kutoka kwa mwandikishaji wa jeshi alihesabiwa kuwa amekubali. Waliita shilingi ya mfalme. Waandikishaji walipenda kukaa kwenye vilabu vya pombe, na wanajua kwa nini. Sheria ilimpa kijana muda mfupi wa kujuta kabla hajaapishwa, ila ili atoke alipe pauni moja. Yaani kuingia unapewa shilingi 1, kutoka unatoa 20. Kwa mwenye mali hiyo ni faini. Kwa aliyeingia kwa sababu hana kitu, huo mlango umefungwa, hata kama kwenye karatasi uko wazi. Desturi hiyo ilikoma 1879.

Kwetu hata hiyo shilingi hawakuona haja nayo. Vita vya 1914 vilifika mpaka Gazi, si mbali na hapa; Oktoba mwaka huo Wajerumani waliokuwa wakielekea Mombasa walizuiwa pale. Kisha Waingereza wakahitaji wapagazi. Sheria ya 1915 iliruhusu wanaume wachukuliwe kwa lazima, kwa rupia 5 kwa mwezi, 6 baada ya miezi mitatu. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi chao. Mombasa wana sanamu.

Sasa swali langu ni hili: mtu akipokea pesa, je, amekubali?

Najua jibu la binamu yangu, manake alinipa mwenyewe. "Sijashikiwa bunduki. Nina miaka 26. Hapa nina nini? Au unadhani maskini hana akili ya kuchagua?" Hilo la mwisho linauma, na lina ukweli. Kumwambia mtu mzima kwamba hajui anachotaka ni dharau. Wale wapagazi pia walichoshwa na watu waliojua zaidi kuwaamulia.

Lakini nadhani tunapima mahali pasipo. Tunaangalia alivyoingia: alitia sahihi, alitabasamu, alipokea. Kipimo changu ni mlango wa kutoka. Akijuta wiki ya pili, itamgharimu nini? Kama gharama ya kutoka inajulikana na anaimudu, basi amechagua. Kama haijulikani, au haiwezekani, basi pesa aliyopewa ilikuwa chambo. Na sisi watoto wa wavuvi tunajua chambo hakiwi kikubwa kwa sababu mvuvi anampenda samaki.

Nikarudia kusoma ule mkataba kwenye picha za simu. Hakuna sentensi hata moja kuhusu kuacha kazi. Labda iko kwenye ule ukurasa wa Kirusi ambao mimi na yeye hatuwezi kuusoma, na ambao ndio alitakiwa autie sahihi. Mwaka 2025 serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi, baadhi wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida.

Hapo ndipo mia tano yangu iliponirudi. Mimi pia nililipwa. Sikumdanganya, nilitafsiri kila neno nililoliona. Lakini sikumwambia nisichokiona, manake nilikuwa nataka bando na unga.

Nilimrudishia kwa M-Pesa, nikampigia. "Muulize huyo wakala swali moja tu: nikitaka kurudi nyumbani, narudi vipi, na kwa pesa ya nani? Akuandikie."

Alinyamaza, halafu akasema, "Sawa, nitamuuliza." Bado hajaniambia alijibiwa nini. Pasipoti anayo, nayo iko tayari.