Kufurahi na Aliyekutangulia

Tafakari ya juma. Somo: Warumi 12:9–16



Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025, huku kwetu kukiwa bado usiku, Alphonce Simbu alikuwa anamaliza marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo. Mita chache kabla ya utepe, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake. Petros akajirusha mstarini, akaanguka. Simbu akapita wima, lakini hakujua ameshinda hadi alipotazama skrini. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Kulipokucha, hata watu wasioweza kukimbia kutoka barabarani hadi kanisani walikuwa wanasema, "Tumeshinda!" Simbu ni mzaliwa wa Singida, mkoa jirani tu. Hakuna hapa Gitting aliyeongezewa hata shilingi kwa ushindi wake, lakini wiki ile ilikuwa nyepesi.

Mtume Paulo anatuagiza kufurahi na wenye furaha na kulia na wanaolia. Kulia tunakuweza. Mtu akifiwa, jua halijapanda kuni zimeshafika, maji yameshachotwa, na akina mama wameshashika jiko. Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yaliposhukia Katesh na Gendabi, hatukungoja kuhubiriwa ndipo tuwalilie wenzetu.

Kufurahi ndiko kunakotushinda. Mvua ni ile ile, mbegu ni ile ile, lakini magunia ya ngano ya jirani yamejaa stoo hadi mlangoni, na yako hayakufika hata nusu. Unampa mkono, "Hongera, ndugu yangu." Njiani sasa unamuuliza uliyeongozana naye, "Hivi yule mbolea aliipata wapi?" Mtoto wa mwenzako akipata daraja la kwanza, unasema mitihani ya siku hizi ni rahisi.

Kwa nini ushindi wa Simbu unatufurahisha, na mavuno ya jirani yanatuuma? Kwa sababu na Simbu hatukuwa mashindanoni. Jirani ndiye tunayejiona tunakimbizana naye, na kila hatua yake tunaihesabu kuwa tumeachwa. Bwana hakutupanga kwenye mstari mmoja na jirani ili mmoja wetu apate na mwingine akose. Alituweka tu tuishi jirani.

Ila shabiki naye ana upungufu wake. Anajua kufurahi, hajui kulia. Agosti 2024, Simbu huyo huyo alimaliza wa 17 kwenye Olimpiki ya Paris. Alikuwa na miguu ile ile na moyo ule ule, lakini vijiweni ilisemwa ameishiwa. Mwaka 1982 kule Brisbane, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alishinda mita 10,000. Nyuma yake, kwa chini ya nusu sekunde, alikuwa Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie. Shahanga tunamtaja kwa fahari. Barie tunamtaja mara ngapi?

Hapo ndipo ninapowakumbuka watu waliobaki uwanjani mjini Mexico, jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikuwa ameanguka njiani katika marathoni ya Olimpiki akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshafika zaidi ya saa nzima kabla yake, na watazamaji wengi walikuwa wameondoka. Akhwari akaingia akichechemea, mguu umefungwa bendeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wale wachache wakampigia makofi. Hakuwa wa nchi yao, wala hakuwaletea medali. Walimwonea uchungu kwa maumivu yake, wakafurahi kwamba amefika. Agizo la Paulo walilitimiza lote kwa mara moja.

Na aliyemkatia tamaa Akhwari siku ile alikosea sana. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alishika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05.

Basi juma hili nawaomba mambo mawili. Kwanza, mtembelee mtu ambaye mambo yamemnyookea. Usiende kukopa wala kuomba mbegu. Kaa, akusimulie, ucheke naye, uage. Pili, mtafute aliyeshindwa: kijana aliyefeli, au mtoto aliyerudi kutoka michezo ya UMITASHUMTA mikono mitupu. Msifie alichokifanya, na usimwambie kwamba mwakani lazima ashinde. Jambo la kwanza litakuwa gumu zaidi, hasa kama mashamba yenu yamepakana. Anza na hilo.

Tuombe: Bwana, tuondolee wivu unaojificha nyuma ya hongera zetu. Tupe furaha ya kweli kwa wanaotutangulia, na subira ya kuwangojea wanaokuja nyuma. Amina.