Je, Deni ni Siri?

Katika mambo ambayo sisi watu wa mwambao hatupendi yajulikane, deni ndilo la mbele. Mtu ataeleza maradhi yake barazani, hata ugomvi wa nyumbani kwake, lakini ukimuuliza anadaiwa kiasi gani atacheka na kubadilisha maneno. Akishikwa sana husema: "Najistiri." Nachelea kuwa neno hili tunalitumia pasipo mahali pake.

Namjua bwana mmoja, mwenye mshahara wa kila mwezi, aliyekuwa na deni dukani, deni kwa shemeji yake, na mikopo ya simu. Hii ya simu ndiyo iliyomkaza. Tangu M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, mtu huweza kukopa usiku kitandani mwake, bila ya shahidi wala kuonana macho na mtu. Ada ilipangwa asilimia 7.5 kwa siku 30. (Waliiita ada, jina halikuibadilisha.) Shilingi 75 kwa kila 1,000 utaiona ndogo, lakini mwenye kulipa na kukopa tena kila mwezi, kwa miezi 12 ametoa 900, na ile 1,000 bado ni ya watu. Bwana huyu alikopa huku akalipa kule, na siri yake ikahifadhika vyema, mpaka siku mkewe alipofungua sanduku asizione bangili zake.

Basi hapo kilichostiriwa ni deni, na aliyevuliwa ni mke.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Na aya ya 280 imeamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka afarijike, na kusamehewa ni bora zaidi. Lakini muhula huo ataupataje asiyesema kuwa ana dhiki? Mdai hajui ya moyoni mwa mtu.

Watakuwako wasemao kuwa kumwambia mtu wa tatu ni kujidhalilisha. Neno lao lina uzito, kwani si kila mtu ni wa kuambiwa. Huko Marekani lipo shirika la washauri wa madeni tangu 1951, na mengi ya mashirika ya namna hiyo hupata sehemu ya fedha zao kwa wakopeshaji wenyewe; mdaiwa ana haki ya kumuuliza mshauri wake analipwa na nani. Ama kazi yenyewe ni njema: madeni yote yaandikwe katika karatasi moja, chakula na kodi ya nyumba vitengwe kwanza, kinachobaki kigawiwe wadai, kila mmoja aendewe aombwe muda au punguzo, na mkopo mpya usichukuliwe.

Wala tusidhani jambo hili ni la ugenini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake msikitini, sauti zao zikapanda hata Mtume (S.A.W.) akazisikia naye yumo nyumbani mwake. Akatoka, akafunua pazia la chumba chake, akamwita Kaab, akamwashiria apunguze nusu. Kaab akaridhia. Kisha yule mwengine akaambiwa ainuke akalipe. Mdai alipunguza, na mdaiwa hakuachiwa aende bure.

Bwana wetu hatimaye alikwenda kwa mzee mmoja wa mtaani, karani mstaafu asiyejulikana kwa maneno mengi. Waliandika mpaka alasiri. Mwenye duka alikubali kungoja miezi sita, shemeji alisamehe nusu, na wa simu hawakusamehe kitu. Mzee akamtaka karatasi ile aipeleke kwanza kwa mkewe. Alikaa nayo mfukoni siku tatu.