Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wazee walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo twawaambia wachezaji mara nyingi. Leo twauliza: je, lawahusu pia wale wanaokaa pembeni na kupiga makelele?

Tutazame mfano wa Marekani, katika vyuo vikuu vyenye timu za hoki ya barafuni. Wachezaji huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye visu, wakipiga kwa fimbo kisahani kigumu cha mpira ili kiingie langoni. Mashindano yao makuu hayana huruma: timu ikishindwa mara moja, imetoka. Wanafunzi huja kwa wingi na nyimbo na mizaha. Bao likiingia humnyoshea kidole mlinda lango na kumwita chujio, maana kila kitu chapita kwake.

Tarehe 11 Aprili 2009, mjini Washington, Chuo Kikuu cha Boston kilicheza fainali na Chuo Kikuu cha Miami cha jimbo la Ohio, ambacho hakikuwa kimepata ubingwa huo kamwe. Ilipobaki dakika moja tu, Miami waliongoza kwa mabao 3 kwa 1. Hapo Boston wakafunga. Wakafunga tena zikiwa zimebaki sekunde 17. Katika muda wa nyongeza Boston walipiga tena. Kisahani kikamgonga mtu wa Miami aliyejitupa chini kukizuia, kikapaa juu ya mlinda lango, kikaingia. Mlinda lango yule alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Basi, shabiki wa Miami aseme nini saa hiyo? Akilia, hatumlaumu. Asiyeumia hakupenda. Lakini uchungu hutafuta mtu wa kumbebesha mzigo: leo mwamuzi, kesho kijana wa langoni, au bahati.

Wengine watasema: “Lakini kweli ilikuwa bahati!” Sawa. Ila tujiulize: kama kisahani kile kingalimgonga mtu yule na kwenda nje, na Miami wakashinda baadaye, je, mashabiki wao wangalilirudisha kombe? Hata kidogo. Mwenye kukubali bahati inapomfaa hana haki ya kuikataa inapomwumiza. Tena mabao yale mawili ya dakika ya mwisho yalikuwa kazi ya watu wasiokata tamaa. Kuwanyima sifa yao ni kuwanyang’anya kilicho chao. Kwa hiyo twaona kwamba uungwana katika mchezo si adabu ya mdomo tu; ni kusema kweli juu ya mwenzako wakati kweli yenyewe inakuchoma.

Katika hoki, mashindano ya namna hii yakiisha, wachezaji hujipanga mistari miwili na kupeana mikono mmoja mmoja. Hata aliyefungwa bao la mwisho hupita mstarini. Shabiki hana mstari wake, hakuna anayemlazimisha. Ndiyo sababu sherti ajilazimishe mwenyewe: asiondoke kwa hasira, awapigie makofi washindi, na kwanza kabisa awapigie vijana wake.

Na aliyeshinda naye ana wajibu wake. Neno “chujio” ni mzaha wakati wa mchezo. Mchezo ukiisha, ni tusi kwa kijana anayelia.