Sura ya Redio na Matumbo Yake

Wahenga walituachia methali isemayo, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Tumezoea kuisema tunapomlaumu mtu aliye na haiba nje na ndani hana kitu. Lakini, ndugu msomaji, siku nyingi nimekuwa nikijiuliza juu ya kinyume chake. Kitu ambacho nje ni cha kale na kimechakaa, na ndani ni kipya na madhubuti, nacho tukihukumu vipi? Tukikiacha kivae sura yake ya zamani, tumekihifadhi, au tumewahadaa wanaokitazama?

Swali hili si la vitabuni peke yake. Hapa kwetu Konde, kaskazini ya Pemba, lilizuka juu ya redio ya gari, na likakaribia kuwatenga ndugu wawili wa tumbo moja. Mimi kwao ni ami, ndiyo maana rai yangu ikatakiwa.

Marehemu baba yao aliacha pikapu ya Kijapani ya miaka ya 1980. Msimu wa karafuu akiipakia magunia mpaka Wete, na msimu ukipita akibebea chochote kilichobebeka. Katika dashibodi yake mlikuwa na redio ya kaseti ya namna ile tuliyoizoea zamani: vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja kila upande, kioo chenye namba katikati, na mshale mwekundu unaotembea juu ya namba hizo. Alipoinunua gari hiyo, habari ya FM haikumshughulisha. Redio ya taifa ikisikika kwa masafa ya kati, na taarabu ilikuwamo ndani ya kaseti. Miaka ilivyokwenda, matangazo yakahamia FM, na kaseti zikaanza kuliwa na mtambo uliochoka. Redio ikabaki kimya, imekaa mahali pake kama mzee barazani.

Hapa yafaa nieleze jambo moja ambalo wengi wenye gari za Kijapani wanalipata bila ya kujua sababu yake. Tunazipenda gari hizo kwa kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, basi usukani huwa tayari upo panapotufaa. Lakini redio zake hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Sehemu kubwa ya dunia hutumia FM kuanzia megahezi 87.5 hadi 108. Japani walichagua 76 hadi 90, kwa sababu masafa ya 90 hadi 108 walikuwa wamezipa chaneli tatu za mwanzo za televisheni. Televisheni hizo za mfumo wa zamani zilizimwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mwaka 2011, na baadaye FM yao ikasogezwa hadi 95. Hayo, hata hivyo, hayaisaidii gari iliyokwisha kuvuka bahari. Mwenye gari anazungusha kitufe mpaka mwisho wa kioo, na stesheni nyingi za kwetu ziko mbele ya hapo, asipoweza kufika.

Fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kuing'oa redio na kutia mpya yenye kioo cha picha na taa za rangi. Ya pili ni kuiacha redio ilivyo na kupachika, nyuma ya dashibodi, kidude kidogo kinachopokea mawimbi kutoka kwenye eriali na kuyashusha. Kikiondoa megahezi 12, kwa mfano, stesheni iliyopo 97 itasikika mshale ukiwa kwenye 85. Ya tatu ni kuifungua redio, kuyatoa matumbo yake yote, na kulehemu ndani yake saketi mpya inayopokea FM nzima na kuungana na simu, kisha kurudisha uso ule ule, vitufe vile vile na mdomo ule ule wa kaseti, ambao sasa hutiwa flashi.

Kaka mkubwa, anayeishi Muscat na ndiye aliyetoa pesa, alishika neno moja: redio ya baba isiondoke machoni. Mdogo wake, ambaye ndiye anayeiendesha gari kila siku, alitaka redio inayosema. Fundi akawapatanisha kwa njia ya tatu. Kazi ikawa nzuri. Mtu asiyeambiwa hajui kama mkono wa fundi umepita.

Mgogoro ulianza kwa mama yao. Jioni moja gari imesimama chini ya muembe, yeye ameketi upande wa abiria, akasikia redio inaimba. Akauweka mkono juu ya kitufe, akasema, "Redio hii baba yenu kaifungua mara ngapi kwa mikono yake! Na bado inasema." Tangu siku hiyo ikawa ada yake kukaa humo baada ya alasiri. Kaka mkubwa akaagiza kwa simu kwamba mama asiambiwe kitu. "Ni sitara," alisema. "Amepata liwazo, tumwachie." Mdogo wake akaniambia, "Ami, kila akiisifu, mimi naona kama namuibia."

Nani kati yao alikuwa na haki?

Tatizo hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuzitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ilikuwa merikebu ile ile. Nikiifikiria hadithi hiyo huikumbuka pwani ya Tumbe, si mbali na hapa. Mashua huvutwa nchi kavu, ubao ulioliwa na mchwa wa baharini ukatolewa, mpya ukatiwa, ukakalafatiwa, na mashua ikarudi majini kwa jina lile lile. Sijasikia mvuvi akibishania utambulisho wake. Kwa nini? Kwa sababu kazi ile hufanywa mchana, mbele ya kila mtu. Anayepanda mashua anajua ubao upi ni mpya, na pengine ndiye aliyeushika ulipopigiliwa misumari.

Hapo ndipo nilipoanza kuona njia. Sura haisemi kweli wala uwongo kwa nafsi yake. Inakuwa kweli au uwongo pale mtu anapoiegemea.

Tazama dashibodi ile ile, shubiri chache kutoka kwenye redio. Pana mita inayohesabu kilomita. Wapo watu katika biashara ya magari yaliyotumika, duniani kote, wanaozirudisha nyuma kilomita hizo ili gari ionekane haijachoka. Kwa macho, kazi ni moja: uso wa asili umebaki na kilicho nyuma yake kimeguswa. Lakini mnunuzi huiegemea namba ile kwa pesa zake, na pengine kwa roho yake barabarani. Fiqhi ya biashara humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro iliyofichwa, na hekima yake iko wazi: aliyefichwa hakuridhia, na pasipo ridhaa mauzo hayakukamilika. Abiria wa pikapu anayesikiliza habari, kwa upande mwingine, hakuegemea chochote juu ya umri wa saketi. Ametaka sauti, na sauti ameipata. Kwake yeye uso wa kale ni pambo, na pambo si shahada.

Kwa hiyo nawagawa wanaotazama sura katika mafungu matatu. Yuko anayeitazama kwa macho tu. Huyo hadai kitu. Yuko anayeiegemea kwa mali yake. Huyo aambiwe kabla ya kuuliza, maana asiyejua hawezi kuuliza. Hata gari ile ikija kuuzwa siku moja kwa mtu anayependa vitu vya asili, basi ni wajibu afunguliwe redio aione. Na yuko anayeiegemea kwa moyo wake. Huyu ndiye mgumu, kwa sababu hapotezi shilingi, na uwongo unaweza kumfariji.

Hoja ya kaka mkubwa haikuwa ya kipuuzi. Sitara ni jambo tukufu kwetu. Tunamsitiri jirani aliyelala na njaa, tunaisitiri nyumba iliyoingia ugomvi, na hatumwambii mgonjwa kila neno lisemwalo nje ya mlango. Lakini sitara hufunika aibu. Katika redio ile palikuwa na aibu gani? Watoto wameitengeneza gari ya baba yao, mmoja kwa pesa na mmoja kwa jasho. Ni jambo la kusifiwa. Kulificha ndiko kulikolitia aibu lisilokuwa nayo, kwani kila siku iliyopita bila ya kuambiwa, kitendo cha heshima kilikuwa kinageuka siri, na mama mtu alikuwa anafanywa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Watu wote wa nyumba wakijua jambo isipokuwa mmoja, huyo mmoja amepunguziwa hadhi, hata kama amepunguziwa kwa mapenzi.

Pia nilimuuliza fundi yako wapi matumbo ya zamani. Alikuwa nayo, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamwambia asiyatupe. Kubadilisha kunakoweza kurudishwa ni tofauti na kubadilisha kusikorudi. La kwanza humwachia mwenye haki nafasi ya kusema, "La, sitaki." La pili humkatia shauri.

Rai yangu ikawa kwamba aambiwe, na aambiwe na wote wawili. Aliambiwa siku ya Ijumaa, mmoja akiwa mbele yake na mwingine kwenye simu. Hakugomba. Alisema, "Haya, wanangu," akaingia ndani, na siku mbili hakuisogelea gari. Siku ya tatu aliuomba ule mfuko, akautia ndani ya kasha lake. Sasa hukaa tena garini baadhi ya jioni, ingawa si kila siku kama mwanzo. Na zamani akisema "redio ya baba yenu". Siku hizi husema "redio ya gari".

Hasara hiyo naihesabu, wala siidogoshi. Ukweli ulimtoza kitu, na sisi tuliomwambia ndio tuliomtoza. Kama mtu ataniambia kwamba mama yule alikuwa na raha zaidi kabla ya Ijumaa ile, sitabishana naye. Lakini raha ile haikuwa yake. Ilikuwa mikononi mwa watu wengine, nao wangeweza kumnyang'anya kwa neno moja lililoponyoka. Alichonacho leo, kidogo au kikubwa, anakimiliki, pamoja na ule mfuko ndani ya kasha.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyuma ya milango yake ya nakshi pamepitishwa nyaya za umeme na mabomba ya maji. Hakuna aliyesema kwamba mgeni amehadaiwa. Vitu vya kale haviwezi kuishi nasi ila vikubali kuguswa, na tukivikataza kuguswa hufa vikiwa na sura zao. Tuvitengeneze basi, na tuvibakishie nyuso zao tunazozipenda. Na pale mtu anapouweka mkono wake juu ya uso huo, akaufanya ushahidi wa jambo, tumwambie kilichomo nyuma yake, hata kama neno hilo litatuuma sisi kabla ya kumuuma yeye.