Kuhani Alitoka Nje ya Kambi

Masomo: Walawi 13 na 14, Marko 1:40–45



Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani Kagera. Kutoka Bukoba hadi Mafia ni kuvuka nchi nzima, kisha bahari; hata hivyo hofu iliwahi kufika Kilindoni. Jumapili moja baada ya Pasaka, wakati wa kupeana amani, mwalimu kijana mwenyeji wa Bukoba alitunyoshea mkono. Nasi tukaikunja mikono yetu. Baadaye tukapata habari kwamba hakuwa amekanyaga kwao tangu Krismasi. Sisi tulioshinda miaka mingi chuoni tukiwafundisha walimu waulize kwanza ndipo wasahihishe, tulimhukumu kijana yule bila kumwuliza neno.

Katika Walawi 13 mtu mwenye alama mwilini hakufukuzwa kwa uvumi. Kuhani alimtazama, akamtenga siku saba, akamtazama tena. Na katika sura ya 14 kuhani mwenyewe alitoka nje ya kambi kumwangalia. Basi kutengwa kulikuwa na hesabu ya siku, na aliyetengwa alikuwa na mtu wa kumwendea.

Ndivyo ilivyofanyika Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafa, akiwamo mtumishi wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa waliangaliwa kwa siku 21, kwa kuwa ugonjwa huu hujitokeza ndani ya siku hizo. Huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Asiye na dalili haambukizi. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Mwanzoni mwa 2025 ulizuka tena mkoani humo, wilayani Biharamulo, nao wakatoka tena wa kuufuatilia.

Lakini anayetoka nje ya kambi hana budi kujilinda. Marburg ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara mjini humo, na katika miji ya Frankfurt na Belgrade, waliambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa kazi ya chanjo ya polio. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Kazi ilikuwa njema, ila hatari yake ilikuwa haijajulikana. Leo virusi hivyo huchunguzwa katika maabara zenye ulinzi wa juu kabisa. Kujilinda hivyo si upungufu wa imani. Mchunguzi anayeacha mlango wazi humhatarisha jirani asiyejua lolote.

Bwana wetu alimgusa mwenye ukoma, kisha akamtuma akajionyeshe kwa kuhani. Upendo wake haukudharau uchunguzi, wala uchunguzi haukuuzuia mkono wake.

Sisi wa Mafia tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mpango wa nchi yetu wa kugawa dawa za matende na mabusha kwa watu wote ulianzia kisiwani hapa mwaka 2000. Twawajua wazee waliokuwa wakijificha majumbani kwa aibu ya maradhi hayo. Vimelea vyake huonekana katika damu usiku, hivyo mpimaji huacha usingizi wake akamfuate mgonjwa. Huko nako ni kutoka nje ya kambi.

Tulikwenda kwa kijana yule kumwomba radhi. Alitupokea kwa shikamoo, akatuandalia chai, akasema neno moja tu: "Mngeniuliza, mwalimu." Hatukuwa na jibu.

Basi, wapendwa, mwenye homa asifichwe ndani. Apelekwe zahanati mapema. Tukiambiwa tukae mbali na mtu, tuulize ni kwa siku ngapi, na nani atampelekea chakula. Tuwaombee wauguzi na watu wa maabara, wawe waangalifu wala wasichoke. Na amani ya Bwana tunayopeana kila Jumapili isitufundishe tena kukunja mikono.

Amina.