Kalamu na Uhai

Kweli huuma. Humchoma mwenye kosa moyoni, na mara nyingi humchoma mwenye kuitamka mwilini. Kwa sababu hii hapana budi kuuliza: mhariri ana haki gani ya kumtuma mwenziwe kutafuta habari ambayo yamkini itamgharimu maisha?

Jesús Blancornelas wa Mexico aliishi na swali hili. Katika mwaka wa 1980 yeye na Héctor Félix Miranda walianzisha mjini Tijuana gazeti la kila wiki, jina lake Zeta. Lilifichua rushwa ya wakubwa na biashara ya dawa za kulevya. Tarehe 20 Aprili 1988 Félix aliuawa kwa risasi. Walinzi wawili wa uwanja wa mbio walihukumiwa, lakini Blancornelas hakuridhika. Alitaka kumjua aliyewatuma. Tangu hapo ukurasa mmoja wa gazeti ukawa wa marehemu, akiuliza kila wiki, kama aliye hai, sababu ya kuuawa kwake.

Tarehe 27 Novemba 1997 zamu ilimfikia Blancornelas. Alipigwa risasi nne akapona. Mlinzi wake, Luis Valero, akafa. Valero hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Mhariri akaishi kati ya askari, uhuru alioutetea umempungukia yeye mwenyewe. Mwaka wa 1999 alipewa tuzo ya UNESCO, na hata heshima hiyo ilibeba jina la marehemu: Guillermo Cano, mhariri wa Colombia aliyeuawa mwaka wa 1986. Tarehe 22 Juni 2004 Francisco Ortiz Franco, mhariri mwenziwe katika Zeta, aliuawa mbele ya watoto wake. Alikuwa akishiriki kulichunguza upya jalada la Félix.

Wako wasemao kwamba kimya kingaliwaokoa watu hawa. Labda. Walakini anayemwua mwandishi mmoja hutaka kununua kimya cha wote, na kila akosapo kuadhibiwa, bei ya kifo kinachofuata hupungua. Wengine husifu ushujaa. Hao nao wakumbuke kwamba ushujaa utolewao kwa uhai wa mtu mwingine ni deni, na mdaiwa ni mhariri.

Deni hili hulipwaje? Zeta ilitoa habari za hatari kwa jina la gazeti zima, chuki isimwangukie mwandishi mmoja. Ilikataa pia marehemu wake wasahauliwe, maana mwuaji hutegemea usahaulifu kama mwizi ategemeavyo giza. Lakini mhariri hawezi kulilipa deni lote. Msomaji hula tunda la kweli bila kuupanda mti. Basi haifai alale usingizi aliyeupanda anapokatwa. Usalama wa mwandishi ni haki ambayo msomaji, hakimu na serikali wamekwisha kula thamani yake.

Blancornelas alifariki kwa maradhi tarehe 23 Novemba 2006. Gazeti halikufa naye, wala swali lililokuwa katika ule ukurasa mmoja halikupata jibu.