Kidogo Kidogo, Lakini kwa Mkono Gani?

Andiko la msingi: Mithali 13:11, Waefeso 4:28, Luka 5:10



Leo tunaongea juu ya pesa, na tutaongea wazi. Mahubiri juu ya kamari mmeyasikia mengi: jakpoti, kubashiri mechi za Jumamosi, ile ndege inayopaa kwenye simu na pesa ya unga ndani yake. Mtu anataka kuomoka kwa usiku mmoja. Nusu ya kwanza ya Mithali 13:11 inatuonya kwamba mali ya haraka hupungua, na sote tunasema amina.

Lakini kijana mmoja aliniletea nusu ya pili. Ni kijana mwenye nidhamu, mtu wa maombi. Akaniambia, "Pasta, mimi sikimbilii utajiri. Nacheza poka mtandaoni, karata, kwenye meza za pesa kidogo kabisa. Najenga mtaji pole pole. Na si andiko linasema anayekusanya kidogo kidogo ataongezewa?"

Wapendwa, swali kama hilo halijibiwi kwa makelele. Linajibiwa kwa Neno.

1. Tupige hesabu kwanza

Yesu alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Basi na sisi tuketi.

Kwenye meza hizo za chini, dau la kuanzia ni senti 1 na senti 2 za dola. Mtu huingia na dola 2 hivi. Wanaofundisha mchezo huo husema uwe na akiba ya kuingia mara 20 au 30, yaani dola 40 hadi 60. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni 5,200 hadi 7,800. Kijana wetu alikuwa amezitenga kando. Hakukopa, wala hakugusa pesa ya nyumba. Tumpe haki yake.

Sasa faida. Mchezaji akipata senti 10 za dola kwa kila raundi 100 kwenye meza hiyo, huyo amecheza vizuri. Meza moja hutoa raundi kama 70 kwa saa. Hiyo ni senti 7, yaani shilingi 9 kwa saa. Afungue meza nne kwa pamoja, ni shilingi 36. Macho mekundu, saa nane ya usiku, na hapo ni yule anayeshinda! Maana mwenye meza naye hukata fungu lake, mara nyingi karibu asilimia 5 ya pesa zinazoshindaniwa. Ukiwajumlisha wachezaji wote, wanatoka na pungufu ya walichoingia nacho. Wa kupata kwa uhakika ni mwenye meza.

Vijana hunitajia Chris Ferguson wa Marekani, aliyeanza bila senti mwaka wa 2006 na kufikisha dola 10,000 mwaka wa 2007. Ni kweli. Lakini huyo alikuwa bingwa wa dunia wa poka wa mwaka wa 2000, tena ana shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta. Na bado ilimchukua zaidi ya mwaka. Tovuti aliyochezea, Full Tilt Poker, ilifungiwa na mamlaka za Marekani mwaka wa 2011, na wachezaji wengi wakangoja zaidi ya mwaka kurudishiwa akiba zao.

2. Andiko linataja mkono

Lakini tuseme hesabu inakubali. Tuseme unashinda. Je, Mungu amekubali?

Katika Kiebrania, nusu ile ya pili ya Mithali 13:11 inamtaja anayekusanya kwa mkono. Kumbe ukikusanya pole pole, bado unaulizwa umekusanya kwa mkono gani. Paulo analifungua zaidi katika Waefeso 4:28: mtu afanye kazi kwa mikono yake, afanye jambo lililo jema, apate kitu cha kumpa mhitaji. Mama anayeuza sukuma wiki ameweka chakula mezani kwa jirani. Kinyozi amemwacha mteja nadhifu. Hao wamepokea pesa na wameacha kitu. Kwenye meza ya poka, shilingi yako imetoka mfukoni mwa mwenzako, na yeye amebaki na nini?

3. Nani amekaa upande wa pili?

Kijana alisema, "Lakini Pasta, poka si bahati, ni ujuzi." Nilikubali kwamba ujuzi upo. Na hapo ndipo moyo wangu uliuma zaidi. Kama ni ujuzi, basi unashinda kwa kumtafuta asiyejua. Wachezaji wenyewe wana jina lake: wanamwita samaki. Wanachagua meza yenye samaki wengi.

Huyo samaki ni nani? Ni baba aliyetoka kazini amechoka. Ni mtu amelewa. Ni mtu anayejaribu kurudisha karo aliyopoteza jana. Humwoni uso, kwa hivyo hulii naye.

Katika Luka 5:10 Yesu alimwambia Simoni kwamba tangu sasa atavua watu. Neno la Kigiriki pale lina maana ya kumshika mtu akiwa hai. Sisi tumeitwa kuwavua watu waishi! Huwezi kumwombea mtu Jumapili na kumpara magamba Jumatatu usiku.

4. Neno kwa kanisa

Msimnyoshee kijana huyu kidole. Nilipomuuliza mtaji ule ulikuwa wa nini, alisema ni wa mashine ya kunyolea. Ametafuta kazi miaka miwili. Amekaa kati yetu miaka hiyo miwili, na sisi wenye maduka, wenye mjengo, wenye chama, hatukumuuliza. Waefeso 4:28 inatuhukumu na sisi: aliyefanya kazi ana deni kwa mhitaji.

Na wewe unayecheza, nidhamu hiyo ya kuandika kila shilingi na kungoja bila pupa ni kipawa. Chama chochote kingekuhitaji uwe mweka hazina. Wiki hii toa kilichobaki mezani, ufute programu hiyo kwenye simu, na umwambie mtu mmoja unayemheshimu. Kama umeoa, mwambie mke wako kwanza.

Kijana wetu bado hajaamua. Tuzidi kumwombea, na aliye na kibarua amwone mzee wa kanisa baada ya ibada.

Maombi: Bwana, bariki kazi ya mikono yetu. Tupe mkate usiomwacha mwenzetu na njaa. Katika jina la Yesu, amina.